Kutibu Ubwiri Unga Kwenye Maua ya Nyumbani Lamu

Masika yanapokwisha kisiwani Lamu na kusi likashika nguvu, miwaridi iliyonyweshwa vya kutosha na mvua huwa imetoa machipukizi mengi mororo, na wakati huohuo ndipo wenye bustani wanapoanza kuona madoa meupe juu ya majani. Mara nyingi madoa hayo ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu ambao hauui mmea kwa haraka, lakini hukunja majani machanga, huzuia matumba yasifunguke na hupunguza nguvu ya mmea msimu baada ya msimu. Waridi ndilo linaloumia zaidi katika nyumba zetu, ingawa zinia, dalia, kosmosi, jabera, begonia na alizeti nazo hupatwa.

Mwongozo huu unazingatia mambo mawili ya hapa kwetu ambayo maelezo ya kwenye makopo ya dawa hayayatilii maanani. La kwanza ni kwamba mimea yetu mingi hukua ndani ya kuta. Nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, zina uwanja mdogo wa ndani ulio wazi juu, na vichochoro vya mji ni vyembamba kiasi kwamba hata siku ya kusi kali, upepo unaopeperusha nguo darini, juu ya paa la nyumba, hauwezi kutikisa jani lililo chini. La pili ni kwamba maua yetu hayapandwi kwa ajili ya macho peke yake. Waridi, asumini na rehani huingia kwenye vikuba, yaani vishada vya maua yenye harufu nzuri, huvaliwa kichwani na hutandazwa kitandani siku ya harusi, kwa hiyo chochote unachokipulizia leo kitafika puani na kwenye ngozi ya mtu kesho au keshokutwa. Kwa sababu hizo mbili ninashikilia kwamba mkasi, upepo na maji vitangulie, na dawa ya dukani ije mwisho, tena kwa sharti kali.

Kuhakikisha kwamba ni ubwiri unga

Usianze kutibu kabla ya kuhakikisha, kwa sababu katika mji wetu jani linaweza kuwa jeupe kwa sababu nyingi zisizo ugonjwa. Chokaa ya ukuta wa mawe hudondoka taratibu na kukaa juu ya majani yaliyo karibu. Maji ya kisima yenye chumvi, yakinyunyiziwa juu ya mmea na kukauka, huacha alama nyeupe zenye kingo, na upepo wa bahari nao huleta chumvi kwenye vyungu vilivyowekwa juu ya dari. Vidung'ata, ambao ni wadudu wadogo waliojifunika nyuzinyuzi kama pamba, hujikusanya kwenye maungio ya majani na vikonyo, na ukiwabinya hutoa majimaji.

Chukua jani changa kutoka kwenye ncha ya tawi, lile ambalo bado lina wekundu, ulitazame kwenye mwanga wa pembeni. Ubwiri unga huanza kama doa dogo la mviringo lisilo na ukingo kamili, lenye nyuzi laini mno zinazotambaa kwenda nje, na baada ya siku chache doa hilo huwa na unga mkavu juu yake. Ligeuze jani, kwa maana kwenye waridi unga hukaa juu na chini. Pitisha kitambaa chenye unyevu juu ya doa. Chokaa ikifutwa, jani lililo chini yake hubaki kijani kizima. Ubwiri unga ukifutwa, utaona pale mahali pamefifia, au pana rangi ya manjano au ya zambarau, na jani lenyewe limevimba kidogo au limejikunja kwenda juu. Kisha angalia kikonyo cha tumba na vile vijani vidogo vinavyolifunika. Waridi lililopatwa huonyesha unga mapema sana hapo, hata pale ambapo majani makubwa ya chini bado yanang'aa. Zinia na dalia huenda kinyume, kwani huanza kwenye majani makubwa ya chini yaliyo kivulini, na ndiyo sababu watu hupitwa hadi nusu ya mmea inapokuwa imeshafunikwa.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu kwa jina tu, nao ni ubwiri vinyoya. Huo hukaa upande wa chini wa jani kama manyoya ya kijivu yenye rangi ya zambarau, huku upande wa juu ukiwa na manjano, na ndio unaoshambulia sana mirehani. Unahitaji majani yaliyolowa, na baadhi ya tiba nitakazozieleza hapa, hasa ile ya kuosha majani, huuzidisha. Mrehani ukionyesha dalili hizo, ung'oe mche ulioathirika, uitenganishe iliyobaki, na uache kumwagia majani maji. Usiuchanganye na mambo ya waridi.

Namna kuvu hii inavyoishi

Inafaa kuelewa tabia ya kuvu hii, kwa sababu tiba zote zinatokana na tabia hiyo. Kwanza, huishi juu ya sehemu hai za mmea tu. Nyuzi zake hutambaa juu ya ngozi ya jani, na kutoka kwenye nyuzi hizo huingiza vifyonzi vidogo ndani ya seli za juu ili kunyonya chakula. Karibu mwili wake wote uko nje, na hiyo ni bahati kwetu, kwa kuwa maji, sabuni na mafuta yanaweza kuifikia.

Pili, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, spora zake, yaani chembe ndogo mno zinazoieneza kuvu, hazihitaji jani lililolowa ili zichipue. Kuvu nyingine za mimea hungoja tone la maji, lakini hii hutosheka na hewa yenye unyevu mwingi, na maji yakituama juu ya jani spora nyingi huharibika. Ndiyo maana ugonjwa hautawali katikati ya mvua kubwa za Mei, bali baada yake, kuanzia Juni hadi Septemba, wakati usiku ni wa baridi kiasi na wenye unyevu, na mchana ni mkavu wenye joto la wastani. Kuvu hii hupenda joto la nyuzi 15 hadi 27 hivi, na likizidi nyuzi 32 hudhoofika. Kwa hiyo miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, waridi lililo juani hupata nafuu lenyewe, ilhali lililo kwenye kivuli cha uwanja wa ndani linaweza kubaki na ugonjwa mwaka mzima.

Tatu, huenda haraka. Spora ikitua mahali panapoifaa huchipua katika muda wa saa chache, na ndani ya takriban wiki moja doa jipya huwa linatoa spora zake lenyewe. Anayekagua maua yake mara moja kwa mwezi hukuta vizazi kadhaa vimeshapita.

Nne, kuvu ya mmea mmoja kwa kawaida haihamii kwenye mmea wa ukoo mwingine. Ile ya waridi huitwa kitaalamu Podosphaera pannosa, na si ile inayofunika majani ya tikiti au maboga, wala si ile inayokausha maua ya mwembe na mkorosho kule bara, upande wa miji ya Mpeketoni na Hindi. Unga ukionekana kwenye boga la jirani, huna sababu ya kumlaumu kwa waridi lako. Kinachowaunganisha nyote wawili ni hali ya hewa.

Katika nchi za baridi kuvu hii hujihifadhi ndani ya vichipukizi vilivyolala wakati wa majira ya barafu. Hapa pwani hatuna msimu wa kulala, na waridi hutoa majani mapya miezi yote, hivyo kuvu hupata chakula bila kukatizwa. Jambo hilo linaupa mkasi umuhimu mkubwa zaidi kwetu kuliko kwao.

Mkasi na upepo

Kazi ya kwanza ni kuondoa kila kilichougua sana. Ifanye asubuhi mapema, kabla upepo haujaanza, ili spora zisitawanyike. Shika mfuko wa karatasi au wa kitambaa kwa mkono mmoja, uuweke chini ya tawi, kisha ukate na kuacha sehemu iliyougua iangukie ndani yake taratibu. Usilikung'ute tawi. Ncha zilizojikunja na matumba yaliyofunikwa unga hayatapona hata ukiyapulizia nini, kwa hiyo usiyaonee huruma. Kata hadi kwenye sehemu safi ya tawi, nusu sentimita hivi juu ya jicho (mahali tawi jipya linapochipukia) linalotazama nje ya kichaka, na mkato uinamie upande usio na jicho ili maji yasitiririkie hapo. Futa mkasi kwa spiriti unapohama kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Ulichokikata kichomwe au kifukiwe nje ya bustani. Kama ulikwisha kupulizia dawa yoyote, usiwape punda wala mbuzi majani hayo.

Baada ya hapo pogoa ili kufungua moyo wa kichaka. Ondoa matawi yanayopishana, yanayosuguana na yanayoelekea ndani, pamoja na vijiti vyembamba visivyotoa maua. Kichaka cha waridi kilichopogolewa vyema huwa na matawi makuu machache yaliyojipanga kwa mduara, na katikati pana nafasi ambamo mkono hupita bila kuchomwa. Usipunguze zaidi ya theluthi moja ya kichaka kwa mara moja, kwani mmea uliopokonywa majani mengi hukimbilia kutoa machipukizi mengi mororo kwa pamoja, na machipukizi hayo ndiyo chakula kinachopendwa na kuvu.

Waridi linalopanda ukutani linahitaji uangalizi wa pekee. Likifungwa moja kwa moja kwenye ukuta wa matumbawe, hewa iliyo kati ya jani na ukuta husimama, na ukuta wenyewe hutunza unyevu wa usiku. Jenga kiunzi cha fito za mikoko kilicho umbali wa sentimita 15 hadi 30 kutoka ukutani, na uyatandaze matawi juu yake badala ya kuyaacha yajikusanye. Miwaridi ya vichaka ipewe nafasi ya sentimita 60 hadi 90 baina yake, na zinia sentimita 30. Najua nafasi ni adimu mjini na kila mtu anataka chungu kimoja zaidi, lakini vyungu vitano vyenye hewa vitakupa maua mengi kuliko vyungu kumi vilivyosongamana pembeni mwa kisima.

Maua yaliyo katika vyungu yana faida moja kubwa, kwamba yanaweza kuhamishwa. Uwanja wa ndani ukipata jua saa mbili tu kwa siku, zungusha zamu: vyungu vyenye ugonjwa vipelekwe darini wiki mbili au tatu, ambako jua ni la kutosha na kusi hupita, na vilivyo vizima viteremshwe. Waridi hutaka angalau saa sita za jua kila siku, na lisilopata kiasi hicho litarudiwa na ubwiri unga hata likitibiwa kwa ustadi gani. Huko darini, hasa kwa nyumba zilizo karibu na bahari, uwe na kizuizi cha makuti upande unakotoka upepo ili chumvi isichome majani, na uyasuuze kwa maji matamu mara kwa mara.

Maji na mbolea

Mmea wenye mizizi mikavu na hewa yenye unyevu ndio unaopatwa haraka zaidi, kwa hiyo usiache udongo ukauke kabisa kwa kudhani kwamba ukavu utaiua kuvu. Mwagia maji kwenye shina, asubuhi, kwa wingi na kwa nafasi, badala ya kudondoshea kidogokidogo kila jioni. Funika udongo kwa majani makavu au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ili unyevu usipotee. Makumbi yaliyowahi kulowekwa baharini kwa ajili ya kusokotea kamba yaoshwe vizuri kwanza, kwani yana chumvi itakayoumiza mizizi.

Kuosha majani ni tiba yenyewe, na ni ya bure. Kwa kuwa spora huharibiwa na maji, kuyapiga majani ya waridi kwa mmiminiko wa maji wenye nguvu, juu na chini, mara mbili au tatu kwa wiki, hupunguza ugonjwa kwa kiasi kinachoonekana. Masharti ni mawili. Ifanyike asubuhi, saa moja au saa mbili, ili jua liyakaushe majani kabla ya adhuhuri, kwa sababu majani yakilala yamelowa hukaribisha ugonjwa mwingine, ule wa madoa meusi. Na maji yawe matamu. Mji wa Lamu hupata maji yake matamu kutoka chini ya michanga ya kijiji cha Shela, lakini visima vingi vya majumbani vina chumvi. Yaonje maji kabla ya kuyatumia, na ukihisi chumvi ulimini, yasifike kwenye majani. Maji ya mvua yaliyovunwa wakati wa masika ndiyo bora kuliko yote kwa kazi hii na kwa kuchanganyia dawa.

Kuhusu mbolea, jihadhari na wingi wa naitrojeni. Yurea na samadi mbichi ya kuku husukuma majani mapana, laini na yenye maji mengi, ambayo vifyonzi vya kuvu huyapenya bila shida. Samadi ya punda, ambayo kisiwani haikosekani, ni nzuri mno kwa waridi ikiwa imelundikwa na kuoza hadi ikapoteza harufu na joto. Wakati ugonjwa umeshika, acha kutia mbolea yoyote mpaka majani mapya yatoke yakiwa safi.

Dawa za kujichanganyia nyumbani

Ukishapogoa na kuosha, na bado madoa mapya yanatokea, hapo kuna haja ya kupulizia. Kanuni za kupulizia ni zilezile kwa dawa zote. Mmea uwe umenyweshwa vyema siku iliyotangulia. Jaribu kwanza kwenye majani machache, ungoje siku mbili uone kama yanaungua. Lowesha pande zote mbili za jani hadi dawa ikaribie kudondoka. Kabla ya kuanza, chuma maua yote yaliyofunguka uyatumie, kisha pulizia kichaka kilichobaki na matumba yaliyofunga.

Maziwa ndiyo ninayoyapendekeza kwanza kwa maua yatakayovaliwa. Mwaka 1999 mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha matokeo ya kupulizia maziwa ya ng'ombe kwenye mimea ya zukini yenye ubwiri unga, na yalionyesha kwamba mchanganyiko wenye asilimia 10 ya maziwa au zaidi ulidhibiti ugonjwa kwa kiwango cha kulingana na dawa za viwandani alizozilinganisha nazo. Zukini si waridi, lakini wakulima wa maua wengi wamefuata njia hiyo. Changanya sehemu moja ya maziwa na sehemu tisa za maji, yaani mililita 100 za maziwa kwa mililita 900 za maji, na upulizie mara moja au mbili kwa wiki. Piga asubuhi penye jua, kwani maziwa hufanya kazi vizuri zaidi juani. Usizidishe kipimo ovyo, maana maziwa mazito huacha harufu na huotesha ukungu mwingine juu ya jani, usio na madhara lakini usiopendeza. Maziwa yaliyoondolewa mafuta hupunguza harufu hiyo. Hii ni dawa ya kuzuia na ya ugonjwa unaoanza. Kichaka kilichokwisha kufunikwa hakitaokolewa nayo.

Ya pili ni bekingi soda, ile inayotiwa kwenye keki. Kipimo ni kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa kwa lita moja ya maji, pamoja na vijiko viwili vya chai vya mafuta ya kupikia yasiyo na harufu na matone machache ya sabuni ya maji ili mafuta yachanganyike. Soda peke yake haishiki jani vizuri, na mafuta hayo ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi. Pulizia jioni, kuanzia saa kumi na moja, mara moja kwa wiki. Usitumie magadi yale yanayotiwa kwenye maharagwe, kwani ni makali zaidi na yatababua majani, wala usitumie bekingi pauda, ambayo imechanganywa na vitu vingine. Nina tahadhari moja ambayo ni ya watu wa pwani hasa: bekingi soda ina sodiamu, na mimea yetu inaipata ya kutosha kutoka kwenye visima na upepo wa bahari. Ikidondokea kwenye udongo wa chungu wiki baada ya wiki itajikusanya na kuumiza mizizi. Kwa hiyo funika udongo kwa karatasi unapopulizia, usizidishe mara tatu au nne mfululizo, na ukipata bikaboneti ya potasiamu kwenye duka la dawa za kilimo, ichague hiyo, kwani haina sodiamu na ina nguvu zaidi dhidi ya kuvu hii. Kipimo chake kiwe kile kilichoandikwa kwenye pakiti.

Ya tatu ni mafuta ya mwarobaini, mti ambao wengine huku pwani huuita mkilifi. Mililita 5 za mafuta kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, pamoja na sabuni kidogo, hutosha. Mafuta hufunika nyuzi za kuvu na kuzikosesha pumzi, na yanaweza kupunguza ugonjwa ambao tayari umeonekana, jambo ambalo maziwa hayawezi kulifanya vyema. Pulizia jioni nyuki wakishaondoka, na kamwe usipulizie mmea wenye kiu au wakati wa jua kali. Harufu yake ni nzito na hudumu siku kadhaa, kwa hiyo panga kazi hii mbali na siku ya harusi au maulidi. Maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, ambayo wengi wetu tumerithishwa, siyategemei kwa ugonjwa huu, kwa kuwa nguvu yake hubadilika kila yanapotengenezwa. Jivu nalo, likinyunyizwa juu ya majani, huficha madoa na kuziba mwanga, na mwenye bustani hubaki hajui kama ugonjwa umeondoka au umezidi.

Salfa na dawa za viwandani

Salfa ni dawa ya zamani ya ubwiri unga, na wakulima wa mikorosho wa Afrika Mashariki wanaifahamu vyema. Kwa bustani ya nyumbani tumia ile inayochanganyika na maji, kwa kipimo cha kwenye pakiti, ambacho kwa kawaida ni gramu 2 hadi 3 kwa lita. Salfa huzuia spora zisichipue, hivyo ipigwe mapema, dalili za kwanza zinapoonekana mwezi Juni. Isipigwe kukiwa na joto linalozidi nyuzi 32, kwa sababu huunguza majani. Kwa hiyo, kuanzia Januari hadi Machi iweke kabatini. Na isikaribiane na mafuta: ukishapulizia mwarobaini au mchanganyiko wenye mafuta, ngoja angalau wiki mbili kabla ya kutumia salfa, na kinyume chake. Zikikutana huwa sumu kwa majani. Baada ya salfa, usivune maua ya kikuba kutoka kwenye kichaka hicho hadi yatoke matumba mapya ambayo hayakuguswa na dawa.

Kuna pia dawa zinazopenya ndani ya mmea, kama zile zenye viambato vya tebukonazoli au trifloksistrobini. Zina nguvu, na mwenye bustani kubwa ya hoteli au nyumba ya wageni huenda akazihitaji. Kwa uwanja wa nyumba ya familia, kwa maoni yangu, si mahali pake. Ukilazimika, nunua chupa yenye kibandiko kamili na nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za kilimo nchini Kenya, usinunue dawa iliyopimwa na kutiwa kwenye chupa ya soda. Badilisha kundi la dawa kila baada ya kupulizia mara moja au mbili, kwani kuvu hii huzoea dawa upesi ikikutana na ileile kila wakati. Vaa glavu, miwani, barakoa na nguo ya mikono mirefu, na usimame upepo unakotoka. Funika kisima. Funika na birika la kuhifadhia maji pia, hasa kama unafuga samaki humo wa kula viluwiluwi vya mbu, kwa sababu baadhi ya dawa hizi huua samaki kwa kiasi kidogo mno. Watoto, kuku na paka waondolewe hadi majani yakauke. Maua ya kichaka kilichopuliziwa dawa za namna hii yasitiwe kwenye kikuba, yasitandazwe kitandani na yasitumiwe kutengenezea maji ya waridi kwa msimu mzima. Yaache yatazamwe tu.

Kujua kama tiba imefaulu

Usipime mafanikio kwa majani ya zamani. Doa lililotibiwa huacha kovu la kahawia au la kijivu, na jani lililojikunja halinyooki tena. Tazama majani mapya: yakitoka bapa, yenye kung'aa, bila unga juu wala chini, kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, acha kupulizia na uendelee na kuosha asubuhi pamoja na ukaguzi wa kila wiki. Ukaguzi huo uelekezwe kwenye ncha za matawi na vikonyo vya matumba kwa waridi, na kwenye majani ya chini kwa zinia.

Zinia ni mmea wa msimu mmoja, kwa hiyo iliyofunikwa nusu yake ing'olewe na kupandwa upya kuliko kupoteza dawa. Wakati wa kupanda tena tafuta Zinnia angustifolia, yenye majani membamba, ambayo huustahimili ugonjwa huu vizuri kuliko zinia za majani mapana. Kwa waridi, unaponunua miche, chagua yenye majani mazito yanayong'aa, na ukague ncha zake kabla ya kulipa. Mche mpya uwekwe peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na mingine.

Waridi ambalo limepogolewa, limehamishiwa juani na kutibiwa kwa msimu mzima, na bado linarudiwa kila mwezi, huenda ni la aina isiyoweza kuhimili hali ya mahali pale. Ling'oe na kupanda jingine. Udongo wa chungu hicho hauna haja ya kutupwa, kwa kuwa kuvu hii haiishi udongoni. Utoe tu majani yote makavu yaliyoangukia humo, uongeze samadi iliyooza, na uupande mche mpya siku hiyohiyo.